Kazi ya Njia: Kutoka Mwethya wa Ukambani hadi Mitaro ya Komarock

Mvua ikinyesha usiku kucha Komarock, asubuhi yake mwenyeji na mgeni hutambulikana kwa viatu. Mwenyeji hutoka na gambuti, viatu vya kazini amevitia mkobani. Mgeni hutoka amependeza, na kabla hajafika stejini kila mguu umebeba matope ya kutosha kufinyangia chungu. Upande huu wa Nairobi umelala juu ya udongo mweusi, ule ambao mafundi wa ujenzi huuita udongo wa pamba. Kiangazi hupasuka nyufa za kupitisha mkono. Masika hunywa maji, ukavimba na kunata. Mwendesha baiskeli akiuingia, matope hujaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likakwama, naye akashuka, akaokota kijiti na kuanza kuchokoa. Hatua ishirini mbele, anachokoa tena.

Anayejenga nyumba hapa huuchimba udongo huo wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Njia ya mtaani haina bahati hiyo.

Siku mbili tatu baada ya dhoruba, kazi huanza bila ya mtu kuitangaza. Mmoja huleta mawe yaliyobaki kwenye ujenzi, akayapanga ya kuvukia dimbwi. Mwingine huja na magunia matupu ya saruji, akayajaza mchanga na kuyalaza pale maji yalipokata ukingo wa njia. Waendesha boda boda, ambao shimo moja huwala pesa ya springi na bearingi kila wiki, huchangishana wakanunua kifusi. Jumamosi ikifika, sururu na sepetu husikika kabla ya chai. Mama muuza mboga, ambaye wateja wake wamekatwa na maji, hachimbi, lakini ndiye anayejua mtaro wa zamani ulipita wapi kabla haujafukiwa na takataka.

Kazi hii ni ya kale kuliko mtaa wenyewe na kuliko jiji la Nairobi. Imepita mikononi mwa wanakijiji, wafalme, wakoloni, wanasiasa, marais na wafadhili, na kila aliyeishika aliiachia alama yake. Ukiitazama historia hiyo, unaelewa kwa nini watu wa upande huu wa mashariki, Eastlands, bado hutoka na majembe, na kwa nini jasho lao, hata likiwa jingi vipi, halitoshi kuikausha Komarock.

Karibu kila jamii ya Afrika Mashariki ina jina la kazi ya pamoja. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu ngwatio, Waluo saga, na upande wa Upare msaragambo, neno ambalo Watanzania wengi wameshalichukua kuwa lao. Waswahili husema la mgambo likilia kuna jambo, na jambo lenyewe lilikuwa pia mfereji uliojaa mchanga au njia iliyochukuliwa na maji. Aliyeita watu alitoa chakula na pombe, na aliyekuja leo alijua kwamba zamu yake itafika kesho. Hesabu ilikaa vichwani mwa majirani, wala haikuhitaji daftari.

Buganda iliifikisha kazi hiyo kwenye ngazi ya dola. John Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 alikuta barabara pana zilizonyooka, zikipanda na kushuka vilima kutoka kwenye mji wa mfalme kwenda majimboni. Kila mkuu wa jimbo aliwajibika kwa kipande chake, na raia walikifyeka na kukijaza kwa jina la bulungi bwansi, yaani kwa manufaa ya nchi. Waingereza walipotia saini Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 waliukuta utaratibu huo umesimama, wakauandika kuwa sheria: kila nyumba tatu zitoe mfanyakazi mmoja wa kutunza barabara, na asitumikishwe zaidi ya mwezi mmoja kwa mwaka. Hadi leo ufalme wa Buganda huadhimisha siku ya Bulungi Bwansi kila tarehe 8 Oktoba, watu wakatoka kusafisha visima na njia.

Huku Kenya mkoloni hakupata barabara za mfalme, ila machifu aliowateua mwenyewe. Sheria ya mwaka 1912 iliwapa uwezo wa kuwatoa watu kwenye kazi ya jamii bila malipo, hadi siku 24 kwa mwaka. Mwanamume wa rika la kazi mara nyingi alikuwa ameshakwenda kwenye shamba la mlowezi au mjini kutafuta pesa ya kodi ya kichwa. Waliobaki kushika majembe kando ya barabara walikuwa wanawake na wasichana. Harry Thuku alipoanza kukusanya watu Nairobi mwaka 1921, hilo lilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyabeba, pamoja na kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi na polisi. Mmoja wa waliokufa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru.

Jembe lilikuwa lile lile na matope yale yale, lakini aliyekuwa akiitwa na jirani sasa alikuwa anaamrishwa.

Ukambani ndiko kisa hiki kilikoandikwa kwa undani zaidi, nako si mbali na Komarock. Barabara ya Kangundo inayopita kando ya mtaa huu huishia kwenye vilima vya huko, na jina la mtaa limetokana na mlima wa mawe ulio njiani. Katika miaka ya 1930 Machakos ilikuwa imechoka. Wakamba walikuwa wamefungiwa kwenye hifadhi, mashamba ya walowezi yameziba njia za malisho, ukame umepokezana na nzige, na kila mvua ilipokuja ilishuka na udongo hadi mitoni. Serikali iliona tatizo ni ng'ombe. Mwaka 1938 ilianza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini, wengi wakaenda kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu wake kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi wakidai kuonana na gavana. Serikali ililegeza amri ya mifugo, ila Mbingu mwenyewe ikampeleka uhamishoni Lamu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa zamu ya udongo. Watu walitolewa kwa amri, siku maalumu za wiki, wakachimbe matuta kwenye miteremko. Walichimba, lakini kwa shingo upande, na matuta mengi yalibomoka kwa sababu hakuna aliyeyahesabu kuwa yake. Upande wa Wakikuyu, katika wilaya ya Fort Hall ambayo sasa ni Murang'a, wanawake waligoma waziwazi mwaka 1947 na 1948, wakaandamana hadi kituo cha serikali wakiimba kwamba hawatachimba tena.

Mageuzi yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hayakutokana na zana mpya wala mbolea. Maofisa wa maendeleo ya jamii huko Machakos waliwaachia wanakijiji wajipange kwa mwethya wao: wachague viongozi wenyewe, waamue shamba la nani litaanza na kazi itafanywa siku gani. Wengi wa waliojiunga walikuwa wanawake. Matuta yakaongezeka upesi kuliko miaka yote ya amri. Ndipo ule mtindo wa fanya juu ulipoenea: unachimba mfereji kukingama mteremko, na udongo wote unaurusha upande wa juu uwe ukingo. Maji yanayoshuka hugonga ukingo, yakapunguza mbio na kuacha udongo wake pale, na baada ya misimu kadhaa mteremko hugeuka ngazi bila ya mtu kuusawazisha. Wataalamu wa udongo duniani kote sasa hutumia jina hilo la Kiswahili bila kulitafsiri.

Uhuru ulipokaribia kazi ililegea, kwani kwa wengi matuta yalinuka ukoloni. Katikati ya miaka ya 1970 mwethya zikarudi kwa nguvu, safari hii pia kwa misaada ya Sweden katika mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo. Kuanzia mwaka 1978 kundi la Utooni, chini ya Joshua Mukusya, likaanza kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha kitabu chao juu ya Machakos mwaka 1994, walikuta wilaya yenye watu zaidi ya mara 5 ya wale wa mwaka 1930, na yenye udongo uliotunzwa vizuri zaidi.

Wakati huohuo siasa ilikuwa imekwisha kuigusa kazi ya pamoja kwa mkono mwingine. Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, na mwanzoni wito huo ulikuwa wa mikono: wananchi walifyatua matofali, wakachimba mitaro ya maji, wakajenga madarasa na zahanati. Taratibu mchango wa mkono ukawa mchango wa mfuko, na mwenye mfuko mkubwa akawa mgeni wa heshima. Kufikia miaka ya 1980 harambee nyingi zilikuwa jukwaa la kumpimia mwanasiasa uzito wake. Mtu wa kuleta jembe hakuwa tena na kiti.

Kazi ya udongo ilibaki na mlezi mmoja mkubwa. Daniel arap Moi aliunda tume ya rais ya hifadhi ya udongo na upandaji miti mwaka 1981, kisha akaingia mwenyewe kwenye makorongo. Watazamaji wa taarifa ya habari wa enzi hizo wanakumbuka picha: rais amekunja mikono ya shati, mawaziri na makatibu wakuu wamepanga mstari, jiwe linapita mkono kwa mkono hadi kwenye sanduku la waya, na gabioni inapanda. Wapinzani walicheka. Hata hivyo gabioni ikikaa mahali pake hufanya kazi bila kuuliza nani aliijenga. Maji hupita katikati ya mawe, mchanga hubaki nyuma, na korongo huanza kujaa. Kilichokuwa na kasoro kilikuwa mwaliko. Mtumishi wa umma aliyeitwa kwenye mstari huo hakuwa na uhuru wa kukaa nyumbani.

Majirani walikuwa na hadithi zinazofanana. Mobutu aliwalazimisha Wazaire kufanya salongo kila wiki, na wengi waliichukia. Rwanda ilianzisha umuganda rasmi katika miaka ya 1970, na baada ya mauaji ya kimbari ikaurudisha; leo Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi magari husimama asubuhi, na watu wazima hutoka kufyeka, kuzibua mitaro na kutengeneza barabara. Kigali ni safi, hilo halina ubishi, lakini umuganda ni sheria na asiyekuja anaweza kutozwa faini.

Komarock ilizaliwa katikati ya mambo haya. Eastlands ya kisasa ilikuwa imeanza kupanuka tangu mipaka ya Nairobi iliposogezwa mwaka wa uhuru. Katika miaka ya 1970 zilikuja Buruburu, Umoja ya fedha za Marekani, na Dandora ya viwanja 6,000 vilivyopimwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliotiwa saini mwaka 1975. Komarock ikafuata, ikijengwa kwa awamu na kampuni ya Kenya Building Society, tanzu ya shirika la mikopo ya nyumba la Housing Finance. Ilikuwa mitaa iliyochorwa kwa rula, nyumba za kipato cha wastani, barabara za ndani, na mitaro ya zege pembeni mwa kila barabara. Mnunuzi alipewa ufunguo na ratiba ya mkopo. Kwenye mchoro, maji yalikuwa na njia yake.

Mchoro hauzibui mtaro. Kazi hiyo ilikuwa ya Baraza la Jiji, na Baraza lenyewe lilivunjwa na serikali mwaka 1983, mahali pake ikawekwa tume iliyokaa hadi mwaka 1992. Nairobi ikapitisha karibu muongo mzima bila ya diwani aliyechaguliwa ambaye mkazi angemfuata juu ya kalvati lililoziba. Uchaguzi ulirudi, magari ya takataka hayakurudi kwa kiasi kile. Mtaani watu walijitafutia: wakajenga mageti, wakaajiri walinzi, wakalipa vijana wa kuzoa taka. Kando ya mitaro vikaota vibanda, na mahali pengine nyumba za ghorofa juu ya ardhi iliyoachwa wazi kwa ajili ya maji.

El Niño ya mwaka 1997 na 1998 ilikuja kukagua hesabu hizo. Mvua iliyoanza Oktoba iliendelea hadi mwaka mpya, ikabomoa barabara na madaraja nchi nzima. Wazee waliilinganisha na mafuriko ya mwaka 1961. Katika Eastlands ilionekana wazi kwamba tambarare hii, iliyolala kati ya Mto Nairobi upande wa kaskazini na Mto Ngong upande wa kusini, haina mteremko wa kuyasukuma maji. Yakishaingia hukaa.

Serikali zilizofuata zilijaribu kuilipia kazi ile. Kazi kwa Vijana ilizinduliwa mwaka 2009, Raila Odinga akiwa waziri mkuu. Korona ilipofunga jiji mwaka 2020, ikaja Kazi Mtaani, iliyoanzia kwenye mitaa ya mabanda kama Mathare, Korogocho na Mukuru. Katika awamu ya pili kijana alipokea shilingi 455 kwa siku akifyeka, akizibua mitaro na kutengeneza njia za ndani. Mengi mazuri yalifanyika, vikiwemo vivuko vya miguu, vyoo vya umma na bustani ndogo. Mpango uliposimama, mitaro mingi ilirudia hali yake, kwani aliyelipwa kwa siku hakuachiwa sepetu wala mamlaka. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 serikali ikarudi na Climate WorX, vijana wakapelekwa kwenye kingo za Mto Nairobi.

Mafuriko hayo ya 2024 yalikuwa kipimo kikali. Kati ya Machi na Mei karibu watu 300 walikufa nchini. Usiku wa tarehe 23 Aprili Mto Mathare ulivunja kingo na kuingia majumbani. Tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalipasua njia na kusomba vijiji. Serikali iliagiza wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto waondoke, kisha matingatinga yakafuata. Katika mitaa ya Eastlands waliotangulia kuokoa na kuzibua walikuwa majirani, kwa kamba, magunia, na mbao za vitanda.

Baadhi ya majirani hao hawakuanza siku hiyo. Huko Dandora, vijana wa Mustard Seed walikuwa wamekwisha kugeuza uwanja wa nyumba zao uliojaa taka kuwa bustani yenye njia iliyotengenezwa vizuri, na mashindano ya kupendezesha mitaa yakaueneza mtindo huo kwa majirani wengine. Korogocho, kundi la Komb Green Solutions liliundwa mwaka 2017 na vijana walioamua kuondoa taka kwenye ukingo wa Mto Nairobi, wakapanda miti na kufungua uwanja wa watoto kuchezea. Kila kundi lina kipande chake linachokijua kwa jina, na lina sababu ya kurudi mvua inapokibomoa.

Upande wa pili wa jiji, kazi hii ina sura nyingine kabisa. Msitu wa Karura, hekta 1,041 ulioangaliwa kwa uchu na wanyakuzi wa ardhi, ulibaki msitu kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa kwa ajili yake tarehe 8 Januari 1999. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikaruhusu jamii kushiriki katika usimamizi, na Friends of Karura Forest wakaingia. Leo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia chini ya miti. Sehemu yake ni za baiskeli za milima, zile za matairi mapana yenye meno, na wanaozipanda wamejifunza kwamba msitu hautunzwi kwa kupiga pedali pekee.

Mchezo huo ulianzia Marin, California, katika miaka ya 1970, pale vijana walipoteremka vilimani kwa baiskeli nzito za zamani, na wakaanza kuzozana na wapanda farasi na watembeao kwa miguu kuhusu nani anaharibu njia. Jibu la waendeshaji lilikuwa kushika majembe. Chama cha kimataifa cha IMBA kilichoundwa mwaka 1988 kilifundisha vikundi vya kujitolea kusoma mteremko na kujenga njia isiyochimbwa na maji. Kimbunga Helene kilipopiga milima ya North Carolina Septemba 2024 na kuangusha miti kwa maelfu, wajitoleaji wa vikundi kama hivyo walikuwa miongoni mwa walioingia msituni na misumeno, wakafungua njia moja baada ya nyingine.

Kanuni zao angezielewa mama yeyote wa mwethya. Tairi halichimbi korongo, bali maji. Tairi huyafungulia mlango tu. Kwa hiyo njia hukatwa kukingama kilima, haiteremki moja kwa moja, na mwinamo wake usizidi nusu ya mwinamo wa kilima chenyewe. Uso wake huinamishwa kidogo kuelekea bondeni, maji yavuke yakiwa bado membamba. Kila baada ya hatua kadhaa njia hupandishwa kidogo kabla ya kushuka tena, ili yale yaliyofuata mkondo wa gurudumu yakose pa kuendelea. Mvua ikinyesha baiskeli hukaa nyumbani hadi udongo ukauke. Udongo mwekundu wa Karura husaidia, maana hupitisha maji na haunati kama ule mweusi wa mashariki ya jiji. Watu wachache wenye majembe wanaweza kuitengeneza njia yao asubuhi moja, ikastahimili msimu.

Ndipo tofauti na Komarock inapoonekana. Machakos na Karura zina mteremko. Mwenye jembe akiyazuia maji mbio, mvutano wa dunia humalizia kazi, na yanakokwenda ni bondeni, kwenye kijito kilicho wazi. Hakuna ruhusa ya kuombwa. Komarock ni tambarare ya udongo usiopitisha maji. Ukijaza kokoto, njia yako inainuka, ila maji hayajaenda popote. Yamehamia mlangoni kwa jirani. Ili yaondoke, mtaro wa nyumba kumi uingie mtaro wa mtaa, wa mtaa upite chini ya barabara kubwa, na wa barabara ufike mtoni bila kukuta ukuta wa mtu. Barabara kubwa za mijini ziko chini ya KURA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara za mijini, nyingine chini ya kaunti. Kalvati moja likiwa dogo au limezibwa, majembe yote ya juu yake yamechimba bure. Yapo pia maji ambayo hayakunyesha Komarock kamwe. Mito ya Karura, ikiwemo Gitathuru inayopita Muthaiga, yote humwagia Mto Nairobi, na mto huo hubeba yaliyonyesha magharibi na kaskazini ya jiji ukiyaleta Dandora na Njiru.

Hivyo tabia ambayo Eastlands imeirithi ni nzuri, ila imeirithi bila ya ardhi iliyoiwezesha kufaulu. Kuwasifu vijana wanaojaza mashimo ni haki yao. Kuzigeuza sifa hizo kuwa sababu ya kaunti kutoleta chepe ni kurudia desturi ile ya mwaka 1912, ya kuchukua hiari ya watu na kuihesabu kuwa bajeti. Katika miaka mia moja iliyopita kazi ya njia imefaulu pale ambapo waliochimba ndio walioamua pa kuchimba, na mwenye mamlaka akafanya sehemu yake: Sweden na maofisa wa kilimo kule Machakos, na idara ya misitu kule Karura. Komarock ina upande wa kwanza. Wa pili ndio unaodaiwa.

Na unaweza kudaiwa. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 zinataka wananchi waulizwe kabla ya bajeti kupitishwa, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mkazi anayejua mtaro wake umezibwa wapi aupige picha kiangazi hiki, achore unakotoka na unakoishia, kisha aende na majirani kwenye mkutano wa bajeti wa wadi. Waulize kwa majina kalvati lipi litapanuliwa, kwa kiasi gani, na nani atalizibua kila Februari. Masika huanza Machi.